Je, Mkatoliki Aende Tamashani? Muziki wa Uwanjani, Ushabiki na Dhamiri

Kila mwaka zinapokaribia siku za Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mapadre tunaohudumu katika ukanda huu wa pwani, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, huulizwa swali moja kwa sauti mbili. Wazazi huuliza: "Baba Paroko, ni halali kumruhusu kijana wangu akeshe kwenye muziki?" Vijana nao huuliza, wengine wakiwa wamekwisha kukata tiketi: "Padre, nikienda nitakuwa nimetenda dhambi?"

Si swali dogo. Wapo vijana waliokatazwa kabisa, wakaenda kwa siri; na kijana aliyekwenda kwa siri ndiye asiyekuwa na mtu wa kumpigia simu saa nane ya usiku mambo yanapoharibika. Wapo pia ambao, baada ya kwenda, walijizuia kupokea Komunyo Takatifu kwa miezi kadhaa, wakiamini wamejitenga na Mungu kwa sababu tu walisimama uwanjani wakaimba pamoja na wengine. Makundi haya mawili yana haki ya kupata maelezo kutoka kwa wachungaji wao, tena maelezo yanayotofautisha lililo dhambi, lililo hatari na lililo geni tu machoni petu.

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba mikutano ya namna hii ni desturi ya Magharibi iliyoletwa na muziki wa roki. Hoja hiyo ina ukweli wake. Tamasha la Woodstock, lililofanyika Agosti 1969 katika shamba la Bethel, jimbo la New York, lilipangwa kuwa la siku tatu, likakusanya watu wanaokadiriwa kuzidi 400,000 waliolala katika mvua na matope. Tangu hapo majira ya kiangazi huko Ulaya na Marekani yamekuwa majira ya matamasha ya namna hiyo. Mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa viwanja hivyo, Freddie Mercury wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, ng'ambo ya bahari hii tunayoitazama sisi. Lakini kusema kwamba watu wa Bagamoyo walifundishwa na wageni kukusanyika mahali pa wazi na kusikiliza muziki usiku kucha ni kutoijua Bagamoyo.

Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo bara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifika hapa baada ya miezi mingi ya kutembea na mizigo mabegani, na kufika kwao kuliadhimishwa kwa nyimbo na ngoma. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misioni yao hapa mwaka 1868, pamoja na kijiji cha watumwa waliokombolewa, walikuta ngoma zikilia. Wamisionari wengi wa enzi hiyo walizitilia shaka. Ngoma nyingine zilifungamana na matambiko ambayo Mkristo mpya alipaswa kuyaacha. Nyingine zilikataliwa kwa sababu tu masikio ya Ulaya hayakuzizoea. Baadaye ikaja beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, vilienea kutoka pwani hadi bara vikishindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo za kejeli. Ushabiki tunaoulalamikia leo, wa watu kugawanyika, kutumia fedha nyingi na kutukanana kwa ajili ya kundi la muziki, babu zetu waliujua vizuri.

Kanisa lenyewe limesafiri njia ndefu katika jambo hili. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia, ambayo katika kifungu cha 119 inataka mapokeo ya muziki ya mataifa ya misioni yapewe heshima yanayostahili. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, mtoto wa nchi hii, alichapisha utafiti wake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Waamini wanaopiga kayamba na ngoma katika Misa ya Jumapili leo hii, huku wakisema muziki wa ngoma ni wa shetani ukipigwa nje ya kanisa, wangefaidika kuikumbuka historia hiyo.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981. Leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, na tamasha lake ni la tangu miaka ile ile ya mwanzo. Ukumbi wake wa makuti uliteketea kwa moto mwaka 2002, lakini tamasha halikufa. Hapa ndipo alipoishi Mzee Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma, bingwa wa ilimba na zeze, hadi alipofariki mwaka 2003. Mzee Zawose alipiga muziki wa kwao katika majukwaa ya WOMAD, tamasha lililoanzishwa Uingereza mwaka 1982 na Peter Gabriel, aliyepata kuwa mwimbaji wa kundi la roki la Genesis. Marehemu Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyeifanya Dar es Salaam kuwa nyumbani kwake, alipita njia hiyo hiyo mwaka 1988 pamoja na bendi yake ya Super Matimila. Aliimba juu ya kifo na juu ya maskini mbele ya vijana wa Ulaya wasiojua Kiswahili, na katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, akageukia nyimbo za Injili. Binti mmoja wa ukoo wa Zawose na mpwa wake, Pendo na Leah, walitoa santuri yao mwaka 2024. Kwa hiyo anayesema kwamba tamasha la uwanjani ni jambo la wageni ana deni la kutueleza watu hawa walitoka wapi.

Upinde wa Mtakatifu Yohane

Tuje sasa kwenye mafundisho. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae, swali la 168, anajiuliza kama kuna fadhila katika michezo na burudani. Anajibu kwamba ipo. Ili kueleza sababu, anarudia simulizi la kale juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walikwazika kumwona akicheza na wafuasi wake, naye akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea bila kupumzika. Yule mtu akakiri kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo akili ya mwanadamu isipolegezwa. Tomaso anakwenda mbali zaidi kuliko wahubiri wengi wa leo: anasema mtu asiyejua kufurahi kabisa, na anayewaharibia wengine furaha yao, ana kasoro ya kimaadili.

Katika swali hilo hilo anazungumzia wasanii wanaoishi kwa kuburudisha watu. Anafundisha kwamba kazi yao si haramu kwa asili yake, mradi wasitumie maneno au matendo machafu na wasiifanye wakati usiofaa. Na kwamba anayewapa ujira wa kadiri hatendi dhambi bali anatimiza haki. Fundisho hili lina uzito kwetu. Mwamini anayekata tiketi halali anamlipa mpiga zeze mshahara wake. Anayeruka ukuta, au anayesambaza nakala za nyimbo za msanii bila idhini, anamnyima mfanyakazi ujira wake, hata kama ni mwanakwaya mwenye sare iliyopigwa pasi. Lakini Tomaso huyo huyo anaonya kwamba anayemwaga mali yake kwa wasanii bila kiasi, au anayewafadhili wanaofurahisha watu kwa machafu, anakosea. Ada ya mtoto haiwezi kugeuzwa tiketi ya viti vya mbele.

Alipio alipofumbua macho

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo katika ngoma wala katika gitaa. Imo katika umati, na hakuna aliyeieleza vizuri kuliko Mtakatifu Augustino.

Katika kitabu cha sita cha Maungamo anasimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyekwenda Roma kusoma sheria. Alipio aliyachukia maonyesho ya wapiganaji waliouana mbele ya watazamaji. Siku moja wenzake walimkuta njiani, wakamvuta kwa nguvu za kirafiki hadi uwanjani. Akawaambia kwamba mwili wake utakaa pale lakini roho yake haitakuwepo, akafumba macho. Mpiganaji mmoja alipoanguka, uwanja mzima ulipiga ukelele. Alipio, akiamini ana nguvu za kudharau chochote atakachokiona, akafumbua macho, na tangu dakika hiyo hakuyafumba tena. Alishangilia, akapandwa na hamu, akarudi siku nyingine, naye akawa mwenye kuwavuta wengine. Augustino anaeleza kwamba Alipio hakuwa tena yule mtu aliyekuja. Alikuwa amekuwa sehemu ya kundi alilojiunga nalo.

Tuzingatie kilichomwangusha. Si macho yaliyomshinda kwanza, ni masikio: sauti ya watu maelfu ikilipuka kwa pamoja. Umati unaoimba unampa mtu wepesi mkubwa wa moyo. Aliye mpweke hujiona ana ndugu, mwenye aibu hujikuta anacheza. Jambo hilo ni jema, na Kanisa linalitumia: aliyewahi kuimba katika Mkesha wa Pasaka, kanisa likiwa limejaa na mishumaa ikiwaka, anajua ninachosema. Lakini wepesi huo huo humfanya mtu aitikie kabla ya kupima. Kwa hiyo swali la dhamiri linalomhusu mwamini uwanjani si kama anaruka, ni nini anaitikia. Mwimbaji akiwaomba watu waimbe juu ya mama zao, au juu ya haki, au juu ya uzuri wa Ruvu ikimwaga maji baharini, itikieni. Akiwataka maelfu ya watu wamtukane mwanamke kwa jina la kiungo cha mwili wake, na wewe ukaitikia kwa sababu wote wanaitikia, hapo Alipio amefumbua macho. Binti yako aliyesimama kando yako amekusikia.

Kuhusu neno shabiki lenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2113, inafundisha kwamba ibada ya sanamu haiishii kwenye miungu ya kipagani; mtu huiangukia kila anapokiheshimu kiumbe mahali pa Mungu. Je, kumpenda mwanamuziki ni ibada ya sanamu? Mara nyingi sana, hapana. Kubandika picha yake ukutani hakumfanyi mtu kuwa mwabudu sanamu, kama vile jezi ya timu isivyomfanya. (Baadhi ya wanaoniletea mashtaka dhidi ya mashabiki wa muziki ni mashabiki wa Simba na Yanga ambao siku ya watani wa jadi hawapatikani hata kwa mazishi.) Dalili za kweli ni nyingine: mtu anapodanganya nyumbani ili aende, anapokopa asichoweza kulipa, anapoacha sala zake, anapoiga ulevi wa msanii kwa sababu tu ni wa msanii huyo.

Viongozi wa Kanisa hawana kauli moja katika kila jambo

Tarehe 27 Septemba 1997, mjini Bologna, wakati wa Kongamano la Ekaristi la kitaifa la Italia, Bob Dylan aliimba mbele ya Mtakatifu Yohane Paulo II na umati mkubwa wa vijana. Baba Mtakatifu akautumia wimbo mmoja maarufu wa mwanamuziki huyo, unaouliza maswali na kuyaachia upepo, kuwaeleza vijana habari za Roho Mtakatifu na za Kristo aliye njia. Kardinali Joseph Ratzinger, baadaye Papa Benedikto XVI, alikuwa na mashaka juu ya tukio hilo, na aliyaandika waziwazi miaka kumi baadaye. Katika kitabu chake juu ya roho ya liturujia alikuwa amekwisha kueleza hofu yake kwamba katika matamasha ya roki mtu hutafuta kujisahau katika umati na mdundo, hata tamasha likawa kama ibada inayoshindana na ile ya Kikristo. Na Agosti 2023, katika Siku ya Vijana Duniani mjini Lisbon, padre mmoja Mreno, Guilherme Peixoto, aliwaamsha mahujaji asubuhi kwa muziki wa mashine za di-jei kabla ya Misa ya kufunga iliyoongozwa na Papa Fransisko.

Nayataja haya ili tusibebeshane mizigo isiyotoka kwa Kanisa. Hakuna sheria ya Kanisa inayomkataza mlei kuhudhuria tamasha la muziki. Kuna hukumu ya busara, ambamo watakatifu wawili wanaweza kutofautiana. Mimi binafsi naona onyo la Ratzinger ni zito kuliko watu wanavyolichukulia, na tena naona Yohane Paulo II alifanya vema kukaa pale na kusikiliza.

Yanayodai uangalifu

Dominika. Tamasha likiisha usiku wa Jumamosi, wajibu wa Misa haulali. Kanuni ya 1248 inaruhusu kuutimiza wajibu huo kwa Misa ya jioni ya siku iliyotangulia. Ulizeni parokiani kwenu kabla, msije mkaulizia saa tatu usiku. Wenye kazi huko, yaani mama lishe, walinzi na mafundi wa vyombo, wapangiwe zamu na waajiri wao ili nao waipate Misa. Katekisimu, namba 2187, inatutaka tusiwape wengine mzigo usio wa lazima unaowazuia kuitunza siku ya Bwana. Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu mwaka 2004, huwa mwezi Februari, kwa hiyo huweza kusogeleana na Jumatano ya Majivu. Kalenda ipo; itazameni kabla ya kulipa nauli ya boti. Na kwa kuwa majirani zetu wengi wa pwani ni Waislamu, adabu ya mavazi na ya kelele nje ya uwanja ni deni la ujirani mwema, hasa mfungo wa Ramadhani unapokaribia.

Juu ya pombe na dawa za kulevya sina jipya: namba 2290 na 2291 za Katekisimu zinatosha. Niongeze tu kwamba namba ya kwanza inamtaja pia anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi, na kwamba barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam baada ya usiku wa manane, juu ya bodaboda isiyo na taa, haimsamehi mtu. Pangeni usafiri wa kurudi kabla ya kwenda, au laleni kwa ndugu.

Jambo la mwisho linahusu Amri ya Tano, na wengi hawalifikirii. Tarehe 5 Novemba 2021, huko Houston, Marekani, watu 10 walifariki kwa msongamano katika tamasha la muziki. Mdogo kabisa alikuwa na umri wa miaka 9. Asidhani mtu kwamba ni adhabu kwa wapenda muziki, maana tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, Watanzania 20 walikufa katika msongamano wa mkutano wa maombi. Wengi katika ajali za namna hii hufa wakiwa wamesimama: watu wakizidi takriban watano katika eneo la mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kujiongoza, kifua hubanwa na mapafu hushindwa kujaa. Kwa hiyo simameni pembeni, si mbele ya jukwaa. Mkiingia, tazameni milango yote ya kutokea, si ule mlioingilia peke yake. Umati ukianza kusukumana kama wimbi, kunjeni mikono mbele ya kifua ili kulinda nafasi ya kupumua, mwende pamoja na msukumo huku mkijisogeza upande mdogo mdogo, wala msiiname kuokota simu. Watoto wadogo wasipelekwe usiku katika umati uliosimama. Viongozi wa VIWAWA na TYCS wanaokwenda na vijana wapange mahali pa kukutana, na kila kijana awe na namba ya mtu mzima anayejua alipo. Mzazi anayempa mtoto wake ruhusa ya wazi, pamoja na saa ya kurudi na namba ya simu, amemlinda kuliko yule aliyemkataza bila maelezo akalala.

Mapadre nasi tunaulizwa kama twaweza kwenda. Kanuni ya 285 inatutaka tuepuke yasiyofaa hali yetu, na kila padre hupima mahali na saa. Mimi huenda jioni, nikiwa na kola yangu, kwa ajili ya zeze za Wagogo, na huondoka kabla ya saa nne usiku. Wanaonikuta huko huniuliza mambo ya kawaida ya parokia: saa ya Misa ya kwanza, ubatizo wa mtoto, ndoa iliyokwama kwa sababu ya mahari. Nimekwisha kujibu mengi ya hayo nikiwa nimesimama karibu na jukwaa, kwa sauti ya juu kidogo.